Darasa letu linatimiza miaka kumi tangu mahafali: tuwaiteje waliojitenga?

Mwakilishi wa Darasa

Ndugu zangu, heshima kwenu. Mwaka 2015 nilihitimu shahada ya sanaa na ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa miaka yote mitatu nilikuwa mwakilishi wa darasa letu la Kiswahili. Wenzangu wamenitaka niitishe mkutano wa kutimiza miaka kumi, nami nimekubali kwa moyo wote, ila nimekwama mahali ambapo sikutarajia kukwama.

Sisi tulitoka chuoni wakati mgumu. Waliotutangulia walizoea kupangiwa vituo vya kazi muda mfupi baada ya mahafali, lakini sisi wa masomo ya sanaa tulikaa tukisubiri, mwaka ukazaa mwaka, huku wenzetu wa fizikia na hisabati wakianza kuitwa mwaka 2017. Baadhi yetu walipata nafasi baadaye; wengine hawajapata hadi leo, na sasa wanakaa kwenye usaili pamoja na vijana waliokuwa kidato cha pili siku sisi tulipovaa majoho. Kwa hiyo darasa moja limetawanyika kila upande: yupo mhadhiri, yupo afisa wa halmashauri, yupo mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tunduma, na yupo rafiki yangu mpenzi, ambaye nilimbeba, yaani nililala naye kitanda kimoja, katika hosteli ya Mabibo mwaka mzima kwa kuwa hakupata chumba, naye sasa anaendesha bodaboda Mbagala.

Kamati ilipotangaza mchango wa shilingi 200,000 kwa ajili ya hoteli ya ufukweni, watu kumi na tisa walijitoa katika kundi letu la WhatsApp ndani ya siku tatu, na rafiki yangu alikuwa wa tano. Nilipompigia simu aliniuliza, "Kiongozi, nikija nitawaeleza nini?" Sikuwa na jibu. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuandaa mikutano ya namna hii.

Mhitimu wa 2004

Ndugu Mwakilishi, kosa mnalolifanya tulilifanya sisi mwaka 2014, tena kwa nia njema. Tuligawa fomu ya kujaza cheo na mahali pa kazi, tukatengeneza vitambulisho vya kifuani vyenye vyeo hivyo, tukaweka meza kuu kwa ajili ya wakubwa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akilima vitunguu alikuja na kitambulisho kisicho na kitu chini ya jina lake, akala, akaondoka kabla ya hotuba. Jambo hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu fomu ile niliiandika mimi.

Mwaka 2019 tulirudi Mlimani kwenyewe, kwenye kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulikutana mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochorwa kwenye noti ya zamani ya shilingi 500, tukatembea kwa miguu hadi Yombo, kwenye kumbi za mihadhara, kisha tukaenda kuitazama maktaba mpya iliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2018, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusomea ndani yake. Pale sote tulikuwa wageni, mkurugenzi na mkulima, tukiulizana njia. Mchango ulikuwa shilingi 20,000, na mazungumzo yalihusu nani alilala kwenye kipindi cha saa moja asubuhi, na foleni ya kusaini bumu, yaani fedha zetu za kujikimu, ilivyokuwa ikizunguka jengo. Ninawashauri muende huko, na hoteli muiache.

Niliyejitoa

Kaka Mwakilishi, mimi si wa darasa lenu, lakini ni wa mwaka wenu na ni miongoni mwa waliojitoa katika kundi la darasa langu, kwa hiyo naomba nieleze jambo ambalo wanakamati huenda hawalioni. Sikujitoa kwa sababu ya mchango. Nilijitoa usiku ambao wenzangu walikuwa wakilalamikia makato ya mkopo wa elimu ya juu, ile asilimia 15 ya mshahara, wakitumiana picha za hati zao za malipo. Na mimi, ambaye wakati huo nilikuwa nikifundisha masomo ya ziada ya jioni kwa watoto wa jirani, nilijikuta natamani siku moja na mimi nikatwe. Hakuna aliyenikosea. Nilishindwa tu kuendelea kusoma.

Kwa heshima zote kwa kaka wa 2004, kupunguza mchango hakutoshi. Zaidi ya hapo, tafadhali msitangaze kundini kwamba wasio na ajira wataingia bure, maana mtu atakayekubali msamaha huo atakuwa amejaza fomu ile ile kwa njia nyingine. Kama mwenzangu mmoja tu angenipigia na kuniuliza habari za mwanangu, bila kuanza na "siku hizi uko wapi", ningekuwa nimerudi zamani.

Mhazini, Dodoma

Dada hapo juu amesema kweli, nami nimeyasoma maneno yake mara mbili. Niongeze machache tu ya utekelezaji. Darasa letu limegawanyika kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa hiyo tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 tunakutana Morogoro: nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ni shilingi 13,000, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo bila kulipia chumba. Mchango hutumwa kwangu peke yangu, kila mtu kwa kadiri yake, na hesabu ninayoitoa kundini ni ya matumizi. Majina ya waliotoa sijawahi kuyaweka, ingawa wapo walionikasirikia kwa hilo.

Pia haya yote yasitufanye tuseme habari za kazi zisitajwe kabisa; hilo sikubaliani nalo. Mwenzetu mwenye shule binafsi alipata walimu wawili kupitia darasa, lakini aliwatafuta mmoja mmoja kwa simu, wala hakusimama mbele ya watu na kipaza sauti.

Mwakilishi wa Darasa

Nawashukuru sana, hasa wewe dada. Jana nilifunga safari hadi Mbagala bila kutaja mkutano, nikakaa kijiweni na rafiki yangu kwa muda wa karibu saa mbili, akanionyesha picha za binti yake aliyeanza darasa la kwanza. Nilipokuwa naaga, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza tumepanga lini. Nikamwambia Jumamosi. Akasema Jumamosi ndiyo siku anayopata abiria wengi kuliko zote, na kwamba hata wale wenzetu wawili wenye vibanda sokoni hawawezi kufunga siku hiyo. Katika vikao vyote vinne vya kamati hakuna aliyewahi kuliwaza hilo, kwa kuwa sote tunaokaa pale tunapumzika Jumamosi. Leo asubuhi nimewaandikia wanakamati kwamba hoteli tumeiacha, tutakutana Mlimani, na siku itakuwa Jumapili alasiri. Waliobaki kumi na wanane nimeanza kuwapigia, na hadi sasa wanne wamepokea simu.