Lazima mganga wa kwenye filamu atoke Kigoma?

Mtoa mada, Ujiji
Wadau, hoja ni hii. Mwandishi wa filamu za Kibongo akitaka mganga, anaandika "katoka Kigoma". Akitaka mlinzi, anamvisha mtu shuka na sime za Kimasai. Akitaka mshamba wa kuchekwa stendi, anampa lafudhi ya Kisukuma. Mazoea haya yanazaa dharau. Muswada wa namna hiyo urudishwe kwa lazima kabla kamera haijawashwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Tabora Mjini
Napinga, ndugu yangu. Unataka kuua utani wa makabila. Wanyamwezi walishuka pwani na misafara, mabegani pembe za ndovu, mpaka Bagamoyo, na utani wao na Wazaramo ulianzia kwenye safari hizo. Ulifanya mgeni apokewe, na anayefia ugenini azikwe. Mpaka leo mtani anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna anayekasirika. Ukiyafuta makabila kwenye filamu, wahusika wote watakuwa watu wa Sinza wasio na kwao.

Mhariri wa video, Kasulu
Shikamoo mwalimu. Utani una watu wawili, na anayetaniwa ana zamu ya kujibu palepale. Skrini haijibiwi.

Tukikaa kukata picha, mambo yako wazi. Mhusika wa "bara" anapigwa picha kwa mbali, anatamka neno moja la kuchekesha, kicheko kinabandikwa, anatoka. Hana jina, hana mke, hana hata deni. Mganga ndiyo kabisa: muziki wa kutisha unaingia kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo mtazamaji ameshamhukumu. Kama hajawahi kufika Kigoma, atamsahihisha kwa lipi?

Na kwetu hili lina uzito wake. Kiha, lugha yetu Waha wa Kigoma, na Kirundi vinasikilizana, na Warundi walikimbilia huku kwa mawimbi: 1972, 1993, 2015. Filamu ikifanya lafudhi ya Kiha kuwa alama ya "huyu siyo mwenzetu", Mha wa Kibondo ndiye anayeulizwa uraia wake akiwa mbali na kwao.

Mtoa mada, Ujiji
Niongeze la jirani. Rwanda walianzisha tamthilia ya redio, Musekeweya, mwaka 2004, kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alilinganisha walioisikiliza kwa mwaka mzima na waliosikiliza tamthilia nyingine ya afya, akachapisha matokeo 2009. Imani za watu binafsi hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni picha yao ya kile ambacho jamii inakikubali, kwa mfano kuoana na watu wa kundi jingine. Hapo ndipo ninaposhika mimi: filamu inamwambia mtazamaji ni nani anaruhusiwa kuchekwa.

Mwalimu wa Kiswahili, Tabora Mjini
Marahaba. La zamu ya kujibu nalikubali, limenigusa. Lakini sheria ya filamu na michezo ya kuigiza tunayo tangu 1976. Ukaguzi ukikazwa, mwandishi atafuta neno "Mha" na kuiacha lafudhi, na lafudhi haiko kwenye karatasi ya muswada.

Mhariri wa video, Kasulu
Basi tupime filamu yenyewe. Chukueni zote zilizoonyeshwa kwa wiki kwenye kibanda umiza kimoja, yaani banda la kuonyeshea video, siyo zile tu zinazowaudhi. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kila mhusika anayezungumza andikeni jina, kazi, kabila au lafudhi, dakika anazoonekana, na nani anamcheka. Watu wawili ndio wahesabu, bila kuchunguliana. Wakitofautiana, tukio lirudiwe.

Kwa waandishi, badilisheni kabila la mhusika. Mzaha ukibaki vilevile, kabila halikuwa na kazi pale, litoeni. Lafudhi asomewe mzungumzaji wa lugha hiyo kabla ya kurekodi, maana waigizaji wengi wanachanganya "r" na "l" ovyo, Msukuma, Mha na Mgogo wakasikika mtu mmoja. Kuingiza sauti upya baadaye ni gharama, na midomo haifuati maneno.

Mwalimu wa Kiswahili, Tabora Mjini
Jedwali hilo naliafiki, ila mmoja wa wahesabuji awe wa kabila linalochekwa na mwingine awe mtani wake. Kurudisha miswada kwa lazima, bado napinga.