Namba ya TZ kwenye Land Rover ya marehemu baba: naweza kubaki nayo?

Mwana wa Ipuli
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Marehemu mzee alituachia Land Rover 109 (ile ndefu), toleo la Series III, ya 1974. Aliinunua 1988 kwenye mnada wa misheni. Imebeba tumbaku ya Urambo, mizinga ya nyuki, maharusi, na majeneza pia. Miaka kumi na moja imelala chini ya mwembe hapa Ipuli, Tabora, kuku wanatagia ndani.

Mahakama imenipa usimamizi wa mirathi na fundi ameshaiwasha (moshi wake, mtaa mzima walitoka nje). Nataka kuisajili upya. Kinachoniuma ni kibao cha namba: TZ ya usajili wa zamani, herufi nyeupe kwenye bati jeusi, mzee aliziandika mwenyewe kwa brashi. Ile 7 kaipinda mkia. Leo nibandike namba za sasa, T yenye herufi za E, kama Toyota IST iliyoshuka bandarini juzi? Hakuna namna ya kubaki na namba yake?

Grisi Mkononi
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Namba ya TZ haipiti. Utafika Nzega kweli nayo? Trafiki wa kwanza tu anakushusha.

Wewe hangaika na namba ya chasisi, ilingane na kadi. Kwa Series III namba imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa. Bodi karibu yote ni alumini, hailiwi na kutu. Chasisi ndiyo inayoliwa. Kwangua taratibu, usije ukaisaga na grenda ukalia.

Mzee wa Bongo Ughaibuni
Huku Uingereza unajaza fomu V765, unaambatanisha kadi ya zamani, chama cha magari ya aina hiyo kinaidhinisha, namba inarudi kwenye gari lake. Ila huruhusiwi kuihamishia gari lingine, maana watu walishaanza kuzifanyia biashara.

Hapo nyumbani kuna namba binafsi, kibao chenye jina unalochagua mwenyewe. Mwaka 2016 ilipandishwa kutoka milioni 5 hadi 10 kwa miaka mitatu, kwa sasa sijui ni ngapi.

Mama Asali
Milioni kumi?! Kwa gari la kuku? Mwanangu, hiyo nunua injini, chenji niletee mimi.

Kadi ya zamani itolee kopi kabla hujaikabidhi popote. Bati usiache mafundi wa rangi walishike, langu walilifanya kibao cha kukorogea pati.

Mwana wa Ipuli
Ahsanteni. Leo tumelala chini ya gari na dizeli na brashi ya waya kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri. Namba ya chasisi imeonekana, inalingana na kadi, ingawa tarakimu ya mwisho kwenye kadi wino umefifia na fundi anadai ni 3, mimi naona 8. Kwenye chuma ni 8.

Namba mpya nitapokea. Bati la mzee naligonga ndani, nyuma ya kiti cha dereva. Mama ameomba kitu kimoja tu, ile 7 isipakwe rangi upya.