Vipimo vya damu vya kutabiri kama mgonjwa wa kiharusi atapona, ni kweli au tunataka kupigwa?

Binti_Korogwe:
Habari zenu wakuu, naomba mawazo maana hapa nilipo kichwa hakifanyi kazi. Mama yangu ana miaka 63, presha anayo siku nyingi na dawa alikuwa anameza akijisikia tu, juzi alfajiri tukamkuta kakaa kitandani mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki. Mpaka tupate gari tufike hospitali ni saa tano asubuhi, akapigwa CT wakasema hakuna damu iliyovuja, ni mshipa umeziba, ila dawa ya kuyeyusha lile bonge inatakiwa ndani ya masaa manne na nusu na sisi hatujui hata ilimuanza saa ngapi usiku, basi ikawa imetupita. Leo siku ya tatu.

Sasa bro yuko Ujerumani, kasoma huko kwamba kuna vipimo vya damu vinaonyesha mgonjwa atarudi au ndo basi, vinaitwa kopeptini na nyurofilamenti. Kuna maabara hapa mjini wanasema watachukua damu waitume nje, laki sita na nusu, majibu wiki mbili. Bro anataka tulipe leo leo. Baba mdogo anasema hiyo hela bora apewe mtu wa mazoezi. Mimi niko katikati. Hivi hivyo vipimo vinasema kweli?

Babu_Kiwembe:
Pole sana mwanangu. Mimi kilinipiga 2016 upande wa kushoto, sikupimwa kitu zaidi ya sukari na mafuta, na leo vifungo vya shati nafunga mwenyewe, kimoja kimoja ila nafunga. Haraka ya bro wako ni ya mtu aliye mbali, anatafuta cha kufanya. Usimkasirikie lakini hela shikilia kwanza.

Darubini:
Pole dada. Mimi ni mtu wa maabara (siyo hiyo yenu 😀) ngoja nieleze kidogo.

Utapeli siyo, sayansi ipo. Kopeptini ni kipande kinachokatika pale mwili unapotengeneza homoni ya vasopresini. Mwili ukipata dhoruba kubwa hiyo homoni inamwagwa kwa wingi, yenyewe inaharibika upesi kwa hiyo kuipima ni shida, ila kile kipande kinatulia, ndo kinachopimwa. Watafiti wa Basel kule Uswisi walichapisha 2009 wakaonyesha kwamba wagonjwa wa mshipa kuziba waliopokelewa na kopeptini iko juu, baada ya miezi mitatu hali zao zilikuwa mbaya zaidi na vifo vilikuwa vingi zaidi. Sawa. Lakini hiyo hiyo inapanda mtu akipata mshtuko wa moyo, akiwa na maambukizi makali, hata akiumia tu vibaya. Yaani inakwambia mwili uko kwenye taabu, haikwambii mkono wa kulia utashika kijiko lini.

Nyurofilamenti ni nyuzi zinazoshikilia neva kwa ndani, chukulia kama nondo kwenye nguzo, neva ikifa nondo zinavuja mpaka kwenye damu. Hii inahusu neva kwelikweli, ila inapanda polepole, inaendelea kupanda kwa siku na wiki, kwa hiyo namba ya siku ya tatu na namba ya wiki ya tatu kwa mtu yule yule ni vitu viwili tofauti. Na wazee wanayo juu kidogo hata bila kiharusi, wenye figo mbovu ndo usiseme. Ukiletewa karatasi ina namba tupu bila mtu wa kuisoma hapo wodini utabaki kuikodolea macho.

Kingine, umri wa mama na ukali wa kiharusi siku aliyofika (kuna alama wanaziita NIHSS, zinaanzia 0 hadi 42, muulize daktari alimpa ngapi) peke yake vinatabiri sehemu kubwa. Damu inaongezea kidogo juu ya hapo. Hicho kidogo mtafiti anakipenda maana ana wagonjwa mia nane, wewe una mama mmoja.

Halafu kuna hili la sukari, watu wanalichanganya sana. Mgonjwa wa kiharusi akiingia na sukari juu mara nyingi anamaliza vibaya, hiyo inajulikana. Si mtu atasema basi tuishushe kwa nguvu? Marekani walijaribu hivyo kwa wagonjwa 1,151, majibu yakatoka 2019, kundi moja sukari waliishusha sana kwa insulini ya dripu na lingine wakaiacha isizidi 180 tu (miligramu kwa desilita). Miezi mitatu mbele hakuna tofauti, isipokuwa lile kundi la kwanza ndo walioshuka sukari mpaka hatari. Sasa kama kitu kinachopimika kwa tone moja la kidoleni kilitudanganya hivyo, hiyo ya kusafirisha kwa ndege kwenye barafu utaifanyia nini?

Ningekuwa wewe ningeulizia vipimo vya kawaida ambavyo jibu lake linabadilisha matibabu: sukari, chumvi za mwili, figo, picha kamili ya damu (full blood picture), CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi), na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Homa ikianza CRP itawasaidia kuliko kopeptini.

Pwani_Moja:
Mi napingana na Darubini kidogo. Mzee wangu tulikaa miezi saba hatujui tunaelekea wapi, tukauza kiwanja, kila mtu anatuambia "mungojeeni atarudi". Kama kungekuwa na karatasi hata ya kubahatisha inayosema hapa uwezekano ni mdogo, tungepanga tofauti. Familia nayo inahitaji kujua jamani, siyo madaktari tu.

Fundi_Viungo:
Pwani_Moja hoja yako naielewa kabisa, ila kwa mkono kuna kipimo hakina sindano. Hata sasa hivi Binti anaweza kukifanya.

Mwambie mama anyanyue bega kwenda pembeni, halafu anyooshe vidole vya mkono ulioathirika, siyo kukunja, KUNYOOSHA. Kama hashiki maneno mwonyeshe kwa mkono wako afuatishe. Waholanzi walichapisha mwaka 2010, waliangalia hayo mawili tu ndani ya masaa 72. Waliokuwa na uwezo kidogo wa yote mawili, asilimia 98 mkono ulirudisha kazi kiasi fulani baada ya miezi sita, wasio nayo asilimia 25. Kiasi fulani simaanishi kama zamani, msinielewe vibaya, na maneno na kutembea vina hesabu zake. Lakini bure na dakika mbili.

Mazoezi yaanze ila msimvurumishe. Kuna utafiti mkubwa wa 2015, nchi tano, waliowaamsha wagonjwa mapema sana ndani ya masaa 24 tena kwa muda mrefu walipata matokeo mabaya kuliko wale wa taratibu. Vipindi vifupi vifupi mara nyingi kwa siku. Na huyo mtu wa mazoezi baba mdogo anayemtaka awe kasomea, siyo wa kuchua na mafuta.

Swali: analishwaje? Anapaliwa?

Binti_Korogwe:
Jamani asanteni. Bega ananyanyua kidogo kama mtu anayejivuta. Vidole nilikuwa nakata tamaa, nikaweka mkono wake juu ya paja langu nikamwonyesha, kidole cha shahada kikanyanyuka, narudia tena kikanyanyuka, vingine vimelala. Hiyo inahesabika?

Kupaliwa ndio, shangazi anampa uji kalala chali, anakohoa kila kijiko.

Fundi_Viungo:
Inahesabika dada. UJI SIMAMISHENI SASA HIVI, mwite nesi ampime kumeza kwanza. Vingi vinavyowaondoa wagonjwa wetu wiki ya kwanza vinaanzia kwenye hicho kijiko.

Binti_Korogwe:
Mrejesho wa jana na leo. Nesi alimpima kwa maji kijiko kimoja kimoja, cha tatu kikampalia, wakamwekea mrija wa puani. Usiku akapanda homa, nikaomba CRP kama alivyosema Darubini, imetoka 148, picha ya kifua ina weupe chini kulia, yaani maambukizi ya mapafu, kaanzishiwa antibayotiki ya sindano. Daktari kasema tumewahi. Leo jioni homa imeshuka na kaniita jina, siyo langu, la dada yangu, lakini kaita.

Hela ya bro bado iko kwenye simu, nimemwambia itaenda kwa fizio (yule mtu wa mazoezi) wa nyumbani mama akitoka. Nimemtumia na video ya kidole kikinyanyuka. Kajibu "safi sana, na kopeptini je?"