Mrejesho: ukubwa wa sekondari mpya

Niliuliza sekondari mpya ijengwe kwa wanafunzi wangapi ilhali wilaya inazidi kukua. Ahsanteni, hesabu imekaa sawa. Makadirio yanaanzia kwa watoto walioko shuleni tayari: kati ya wa darasa la nane, wangapi huvuka kuingia la tisa, kwa wastani wa miaka mitano. Watoto wa nyumba mpya wanahesabiwa kando, kwa nyumba zenye kibali cha ujenzi tu (viwanja vya kwenye ramani huchelewa mno kujengwa). Vyumba 40 vya wanafunzi 25 si nafasi 1,000. Ratiba haijazi kila chumba kila kipindi, hivyo vikitumika kwa asilimia 85 ni 850. Jiko, bwalo na bomba kuu la majitaka vinajengwa kwa ukubwa wa mwisho, maana kuvipanua baadaye ni kubomoa. Madarasa yataongezwa mwisho wa korido, ambako ukuta hautapitishwa nyaya wala mabomba, ili kuufungua kuwe rahisi.