Game Boy Light na Game Boy Micro, ipi adimu zaidi? Jamaa anataka tubadilishane

kitufe_B

Wakuu habari za saa hizi. Naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga. Nina Game Boy Micro, ile gemu ya mkononi ya Nintendo, kale kadogo ka mwisho kabisa, rangi ya silva, kioo safi na chaja yake ipo. Sasa kuna mshkaji wangu ana Game Boy Light, anasema hiyo iliuzwa Japani tu, na anataka tubadilishane moja kwa moja, yake kwa yangu, hakuna nyongeza. Amenikomalia kweli, anasema nikizubaa anampa mtu mwingine. Mimi gemu za zamani najua kuzicheza tu, haya mambo ya ipi adimu ipi ya kawaida siyajui, na kila ninayemuuliza ana lake. Hoja yake kubwa ni kwamba ya kwake ni ya 1998 na yangu ya 2005, kwa hiyo ya kwake ni kongwe na lazima iwe adimu zaidi. Kuna ukweli hapo au naingizwa mjini?

mzee_wa_kaseti

Hiyo hoja ya ukongwe tupa mbali kabisa. Game Boy ile ya kwanza, ya kijivu, nene kama tofali, ni ya 1989, imezipita zote mbili kwa umri lakini zipo za kumwaga, maana ukizihesabu pamoja na Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Umri peke yake hauifanyi gemu iwe adimu mkuu.

Angalia zilitengenezwa wakati gani na nani alikuwa anazihitaji wakati huo. Light ilitoka Aprili 1998, Japani pekee, na Oktoba mwaka huohuo ikaingia Game Boy Color. Yaani miezi sita tu halafu kila mtu anataka ya rangi, nani tena ahangaike na ya nyeusi na nyeupe hata kama ina taa? Halafu kichekesho ni kwamba baada ya Light hakuna Game Boy nyingine iliyokuja na taa mpaka Game Boy Advance SP ya 2003, Color haina taa, Game Boy Advance ya kwanza haina taa, tulikuwa tunainamia dirisha kama tunasoma barua ya siri.

Micro nayo imekufa kifo kinachofanana. Septemba 2005, Nintendo DS ishatoka tangu mwaka uliopita, ina skrini mbili, ya chini unagusa, halafu wanakuletea kadude kenye skrini ya inchi mbili kasichocheza hata kaseti za Game Boy ya zamani, ni za Advance tu. Ziliuzwa kama milioni 2.4 dunia nzima. Inaonekana nyingi lakini kumbuka DS ilipita milioni 150.

Kwa hiyo kama unaulizia adimu tu, nje ya Japani Light ni ngumu kuipata kuliko Micro. Ndani ya Japani ni habari nyingine, kule ni gemu ya kawaida tu iliyokosa bahati. Ila kama yake ni toleo maalumu, kwa mfano ile ya njano ya Pikachu, usiulize mara mbili, toa Micro mkimbie kila mtu na njia yake.

kitufe_B

Yake ni ya silva ya kawaida tu mkuu, haina michoro yoyote.

sauti_ya_nyuki

Mzee wa kaseti umesema vizuri lakini unahesabu zilizotoka kiwandani, mimi nahesabu zilizo hai leo na hapo mambo yanabadilika. Chukua Game Gear, ile ya mkononi ya Sega, ziliuzwa zaidi ya milioni kumi, utasema zipo tele, sasa tafuta ambayo haijawahi kufunguliwa na bado inatoa sauti na picha vizuri. Kapasita zake, vile vidude vya kutunza umeme kwenye bodi, zinavuja, karibu zote, ni suala la lini tu. TurboExpress ya 1990, nayo ya mkononi, ugonjwa ni uleule. Na ukitaka kulia kabisa kamuulize mwenye Microvision ya 1979, ile ndiyo ya kwanza ya mkononi iliyokuwa inabadilishwa kaseti, kioo chake kinaoza chenyewe hata kikae kabatini hakijaguswa, doa jeusi linaanza pembeni linatambaa mpaka linameza skrini nzima. Ganda lipo, kaseti zipo, boksi lipo, gemu haipo.

Turudi kwenye hizi mbili. Taa ya Light siyo kama taa za siku hizi, ni karatasi nyembamba inayowaka yenyewe rangi ya kijani ya bluu, na kadiri inavyotumika ndivyo inavyofifia. Aliyeitumia sana enzi hizo leo ana taa ya kubabaisha. Kwa hiyo Light yenye taa kali ni kitu kimoja na Light yenye taa iliyochoka ni kitu kingine, usikubali kuambiwa zote ni "Light". Micro nayo betri yake ni ya ndani, ikizeeka inavimba, na tundu la chaja ni la peke yake, huwezi kuchomeka chaja ya SP, ndiyo maana ukisema chaja ipo nikakuheshimu.

Halafu umesema kioo safi. Uso wa Micro unabanduliwa, unatoka na kioo chake, so kioo safi kinaweza kuwa uso mpya wa feki uliobandikwa juzi. Utazame vizuri kabla hujaanza kumkagua mwenzio.

mbishi_namba_1

Mnasumbuana bure. Kama mashindano ni ya uadimu mimi nina Gizmondo, nayo gemu ya mkononi, zimeuzwa hazifiki elfu 25 halafu kampuni ikafilisika mapema 2006. Nyinyi mnaongelea mamilioni. Nani anabadilishana na mimi?

mzee_wa_kaseti

Hakuna, na ndiyo shida yako miaka yote 😂 Ni adimu kweli, lakini gemu zake za maana unahesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Anayeitafuta ni mtu wa kujaza kabati. Light anaitafuta mtu mwenye kaseti zake za Game Boy anayetaka kuzicheza usiku kitandani.

mbishi_namba_1

Angalau siyo N-Gage ile ya kwanza, simu ya gemu ya Nokia, kubadilisha gemu mpaka uzime simu ufungue mfuniko utoe betri, na ukipigiwa unaiweka sikioni kwa ubavu kama unakula muwa.

fundi_lehemu

Nimesoma yote naona mnabishana ipi adimu na hakuna aliyemuuliza huyu bwana mdogo kama hiyo Light ni Light kweli. Ngoja niseme kitu kilichonipata. Niliwahi kununua SP nikaambiwa ni AGS-101, ile ya mwisho yenye skrini kali, nikageuza nyuma stika imeandikwa AGS-101 kabisa, nikalipa nikaenda zangu. Kufika nyumbani nabonyeza kile kitufe cha mwanga, taa ikazima. Nikabonyeza tena ikawaka. Nikakaa chini. Maana 101 kile kitufe hakizimi taa, kinapunguza na kuongeza tu, inayozima kabisa ni 001 ya zamani. Ganda lilikuwa jipya, stika ya kuchapisha, ndani skrini ileile hafifu. Muuzaji hakupokea simu tena. Tangu siku hiyo stika kwangu ni pambo.

Sasa kwenye Light kuna kipimo rahisi kuliko hicho na huhitaji hata bisibisi. Watu wanachukua Game Boy Pocket, ile nyembamba ya 1996, wanaifungua wanaweka taa ya kununua mtandaoni, wanavalisha ganda la silva, ikiwaka gizani asiyejua atakubali kwamba ni Light. Lakini Pocket inakula betri mbili nyembamba, zile AAA za rimoti. Light halisi inakula AA mbili, zile nene za tochi, maana taa inahitaji moto zaidi, ndiyo maana hata umbo lake ni kubwa kidogo. Ganda wanaweza kubadilisha, stika wanaweza kuchapisha, ila kuingiza AA kwenye tumbo la Pocket hawawezi. Pia namba yake ni MGB-101, Pocket ni MGB-001, lakini nimeshakwambia habari za stika.

Mwambie akuletee ikiwa na betri ndani. Usimwambie kwa nini.

sauti_ya_nyuki

Hii ya betri sikuwahi kuifikiria na ipo wazi kabisa. Ongeza na swichi ya taa, Light unaweza kuzima taa ukaicheza bila mwanga, na ukizima betri zinadumu kama masaa 20, ukiwasha zinashuka mpaka kama 12. Pocket ya kuunga wengi taa inawaka muda wote.

kitufe_B

Wakuu nimerudi. Nimekutana naye leo. Kwanza nilifuata ushauri wa sauti ya nyuki nikabandua uso wa Micro yangu, kumbe kweli siyo uso wake wa kwanza, umekaa kama umelegea pembeni hivi, nilikuwa sijawahi kuona miaka yote. Betri haijavimba lakini.

Sasa yeye. Amekuja nayo, silva inang'aa, akaiwasha tukaingia sehemu yenye giza, taa nyeupe kali kabisa, nzuri kuliko hata ya Micro. Nikakumbuka mlisema kijani ya bluu. Sikusema kitu. Nikamwambia betri zinaelekea kuisha, fungua tuweke mpya. Akafungua mfuniko, akazitoa, nyembamba. AAA.

Nilimwangalia usoni nikaona jamaa hajui chochote, yeye mwenyewe aliinunua akiambiwa ni Light na alikuwa na furaha nayo. Nilipomweleza alinyamaza kama dakika nzima halafu akaanza kuitafuta namba nyuma, stika inasema MGB-101. Nikasikia vibaya mpaka nikajuta kuuliza.

fundi_lehemu

Pole yake. Na mwambie asiitupe, Pocket yenye taa mpya ni nzuri kwa kuchezea kuliko Light halisi iliyochoka, mimi mwenyewe ninayo moja ninayosafiri nayo. Ila kwa kubadilishana na Micro hapana, hapo utakuwa umetoa ng'ombe kwa kuku.

Halafu muulize aliyemuuzia bado anapatikana?

kitufe_B

Anasema namba haipo hewani. Tumekubaliana tu niwe namwazima Micro wikendi, na yeye ananiazima hiyo Pocket kwa ajili ya kaseti zangu za zamani, maana Micro haizichezi hata hivyo.

mbishi_namba_1

Ofa ya Gizmondo bado ipo.