Tupeane uzoefu: msongo wa mawazo wiki za UE (mitihani ya mwisho wa muhula chuoni)

#1
UE hizo zinakuja, boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) limekata, watu wanakesha. Wajuzi mtupe mbinu zenye vipimo, siyo "tulia tu mwanangu".

#2
Anza na pumzi. Kaa wima, kiganja tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu hadi nne, toa taratibu ukihesabu hadi sita, dakika 5. Tumbo ndilo lipande, siyo mabega. Wengi huvuta kwa nguvu na haraka. Hewa ukaa inapungua mwilini, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakufa ganzi, mtu anadhani presha imepanda. Ikitokea hivyo, acha kuhesabu, pumua kawaida. Ianze leo: ukiijaribu kwa mara ya kwanza mlangoni mwa chumba cha mtihani haikusaidii kitu.

#3
Usiku lala chali. Kaza vidole vya miguu sekunde 5, achia ghafla, tulia sekunde 15. Panda hivyo hivyo: vigimbi, mapaja, tumbo, ngumi, mabega, uso. Ni njia ya daktari Edmund Jacobson wa Marekani, ya karne iliyopita. Vigimbi usivikaze sana, vitabana. Mwenzako wa kitanda cha juu hawashi taa? Bahati yako. Akiwasha, funga macho kwa kanga.

#4
Hizo zote ni kazi bure kama unapiga kahawa saa mbili usiku. Yakipita masaa matano hivi tangu unywe, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana. Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu soma lebo: ml 250 mara nyingi ni miligramu 80 za kafeini, na mtu mzima mwenye afya asizidi 400 kwa siku. Ukisinzia mchana, lala dakika 20 kwa alamu; ukifika saa nzima utaamka mzito kama gunia.

#5
"Stress imeniletea vidonda vya tumbo." Hapana. Vingi huletwa na bakteria H. pylori, au dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, zile zile mnazomeza kila siku kwa kichwa cha kukesha. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali siku hiyo hiyo.

#6
Usingizi na hamu ya kula vikipotea wiki mbili, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Anayesema heri afe asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Na kama hali hairuhusu mtihani, barua ya daktari ipelekwe kuomba kuahirisha kabla ya pepa. Ukishaingia ukafeli, ni sapu hiyo, yaani mtihani wa marudio.