Duka la kadi za wachezaji ndani ya Hiace, Mwanza: nimnunulie mwanangu hii ya Messi au niache? Naomba ushauri

Baba Kulwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nipo Buzuruga, Mwanza. Nina jambo la Jumamosi hii na ningependa wenye uzoefu wanisaidie kabla hela haijatoka mfukoni.

Mwanangu Kulwa ana miaka 12. Tangu mwaka jana amenogewa na kadi za wachezaji wa mpira, zile za karatasi ngumu, mbele picha na nyuma takwimu. Alianza na pakiti moja aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dar. Leo ana kadi 143, kazipanga kwa timu ndani ya faili lenye mifuko ya nailoni, na hakuna anayeruhusiwa kulishika kabla ya kunawa mikono. Mimi mwenyewe nanawa.

Hapa mjini sijaona fremu inayouza kadi hizi. Kuna kijana mmoja mwenye Hiace, katoa viti vya nyuma kaweka rafu na taa, anafuata mikusanyiko. Siku ya mechi Kirumba anapaki upande wa getini, kukiwa na bonanza Furahisha yupo, na Nane Nane kule Nyamhongolo nilimkuta pia. Akifungua ule mlango wa pembeni watoto wanajaa hadi unashindwa kuona bidhaa. Ni mchangamfu na watoto wanampenda, hilo nalisema wazi.

Sasa kinachonitatiza. Mara ya mwisho nilichukua pakiti nne, 8,000 kila moja. Kufika nyumbani, tatu zilikuwa na meno makali ncha zote mbili kama pakiti ya biskuti. Ya nne, meno ya ncha moja yamelala, na ule mshono wa mgongoni una gundi iliyovuka mstari. Kulwa alivuta kidogo tu ukaachia. Ndani kadi zote za kawaida, na mbili kona zimechoka. Kadi mpya inachokaje ikiwa ndani ya pakiti?

La pili ndilo kubwa. Jamaa ana kadi ya Messi, toleo la Prizm la kampuni ya Panini, la Kombe la Dunia 2022, ipo ndani ya kasha gumu la PSA, ile kampuni inayokagua kadi na kuzipa alama, imeandikwa 10, alama ya juu kabisa. Anataka 380,000. Kulwa ana 160,000 zake mwenyewe: za sikukuu na za mayai ya kuku wake sita. Nimemwambia nitamalizia iliyobaki. Muuzaji anasema ipo moja tu, Jumamosi ndiyo mwisho, Jumapili anaelekea Bukoba.

Nikikataa, nimevunja ahadi. Nikinunua ikawa feki, mtoto atakuwa amepoteza mayai ya mwaka mzima. Nifanyeje?

Ngosha wa Igoma

Mkuu, nakuheshimu, ila laki tatu na themanini ni mbuzi watatu wazuri kabisa mnadani. Mbuzi wanazaa. Karatasi haizai. Mfundishe mtoto kufuga, kuku ameshaanza nao.

Baba Kulwa

Ngosha, nakuelewa, na mbuzi tunao kijijini. Lakini hela ni ya mtoto na kaitafuta kwa jasho. Alikuwa akiamka kabla ya shule kubadilisha maji ya kuku. Nikimwambia leo kwamba anachokipenda ni upuuzi, kesho hataniambia anapenda nini.

Kolekta wa Pasiansi

Baba Kulwa, umefanya vizuri kuuliza mapema. Nimekusanya kadi kwa miaka kadhaa na nimeshapigwa, kwa hiyo naandika kwa uchungu.

Tuanze na pakiti. Hiyo ya nne ilifunguliwa ikafungwa tena. Pakiti ya kiwandani hubanwa kwa joto ncha zote mbili, meno yanafanana juu na chini, na mshono wa mgongoni unaachia mkavu bila gundi ya majimaji. Kona kuchoka ndani ya pakiti ni dalili kwamba kadi ilishatoka, ikashikwa, ikarudishwa. Sisemi kijana wa Hiace ndiye aliyefanya. Pakiti hizi hupita mikono mingi kabla ya kufika Mwanza, na huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Kuna mchezo mwingine ambao hauachi alama kabisa. Baadhi ya maboksi huandikwa ubavuni kwamba ndani kuna kadi moja au mbili zenye sahihi ya mchezaji. Muuzaji anafungua pakiti moja moja, akiipata ile ya sahihi anasimama, anaiweka kando aiuze peke yake, halafu pakiti zilizobaki anazipanga rafuni kwa bei ile ile. Ni pakiti halisi, hazijaguswa, ila kilichokuwa cha thamani kimeshaondoka. Ndiyo maana mimi pakiti iliyolala peke yake kwenye bakuli siigusi. Namwambia muuzaji fungua boksi jipya mbele yangu, nichague mwenyewe. Akikataa, nanunua soda naenda kuangalia mpira.

Sasa Messi. Kasha la PSA lina lebo juu, na kwenye lebo kuna namba ya cheti. Unaingia kwenye tovuti ya PSA, unaandika namba, inakuletea jina la kadi, mwaka na alama. Wengi wanaishia hapo na ndipo wanapopigwa, kwa sababu mtengeneza feki anachukua namba ya kweli ya kadi iliyoko kwa mtu mwingine huko duniani, anaichapisha kwenye lebo yake. Namba itasoma vizuri kabisa. Shuka chini uone kama tovuti imeweka picha ya kadi yenyewe, kwa nyingi za miaka ya karibuni huwa ipo, mbele na nyuma. Linganisha ile picha na uliyoshika: upana wa pambizo kushoto na kulia, pembe moja moja, lebo imekaaje. Hakuna kadi mbili zilizokatwa sawa hadi unywele.

Kasha nalo likague. La kweli kingo zake zimeungana kwa mashine, huoni gundi wala mkwaruzo wa bisibisi. Halafu washa kamera ya simu, ivute karibu kabisa kwenye yale maandishi madogo ya nyuma. Uchapaji wa kiwandani herufi zinabaki kali. Iliyonakiliwa, herufi zinavimba na kuingiliana.

Na bei: usiangalie bei anayoomba mtu mtandaoni, kila mtu anaomba anachotaka. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, kuna sehemu ya kuchuja uone zilizokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo bei. Ikiwa ya kijana iko chini mno ya hapo, usifurahi, jiulize. Na siku yoyote mtu akikutolea Messi wa toleo la Panini Megacracks 2004-05, namba 71, kwa bei ya laki mbili tatu, rudisha mkono mfukoni. Hiyo huhesabiwa miongoni mwa kadi zake za mwanzo pale Barcelona, duniani inauzwa kwa fedha nyingi sana, na imenakiliwa mno.

Mama Nyakato

Binti yangu naye anakusanya, ila yeye ni stika za albamu. Niseme la hesabu, kwa sababu ndilo linalowamaliza wazazi. Albamu ya Panini ya Qatar 2022 ilikuwa na stika 670, pakiti moja stika tano. Hata kama usingepata marudio hata moja, ni pakiti 134. Na marudio lazima yaje, tena ukikaribia mwisho karibu kila pakiti ni marudio matupu. Tulipofika stika 500 na kitu nikamwambia mwanangu pakiti basi, sasa tunabadilishana na wenzako. Alimaliza zilizobaki kwa kubadilishana na kununua moja moja.

Baba Kulwa, ushauri wangu ndio huo. Kama mtoto anamtaka Messi, anunue Messi, kadi moja anayoiona kwa macho. Pakiti ni bahati nasibu, na mtoto wa miaka 12 akishaonja ile ya "labda inayofuata" ni vigumu kumrudisha. Mimi niliona jinsi mikono ya binti yangu ilivyokuwa ikitetemeka akichana pakiti. Haikunipendeza.

Na hiyo ya "Jumamosi ndiyo mwisho" isikukimbize. Messi yupo kwenye kadi nyingi mno.

Mfuata Minada

Naomba nimsemee kidogo huyo kijana. Mimi nauza mitumba, nazunguka minada ya huku kwetu, Magu, Misungwi, kokote. Kutokuwa na fremu si wizi. Fremu mjini ni kodi ya miezi sita mkupuo, na kadi za mpira mteja wake hayupo kila siku, yupo pale penye mpira. Ukikaa dukani utakaa unasinzia.

Ila mchuuzi anayetaka kurudi na anayepita njia hawafanani, na kuwatofautisha si kazi. Anayetaka kurudi atakwambia Jumamosi ijayo yuko wapi na utamkuta. Namba yake ya simu ipo hewani hata siku isiyo ya mauzo. Lipa namba yake inasoma jina lile lile alilokutajia. Anakuandikia risiti: kadi gani, namba gani ya cheti, shilingi ngapi, tarehe. Muulize swali moja tu mbele za watu: "Nikigundua ni feki, utanirudishia?" Usisikilize jibu peke yake, mwangalie usoni. Mimi wateja wangu wa Magu wananiuliza hivyo kila wiki na sijawahi kukasirika.

Hela ya mkononi bila karatasi, usitoe. Mambo ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia yalishapitwa na wakati.

Kolekta wa Pasiansi

Mfuata Minada kasema kweli tupu. Niongeze dogo la utunzaji, maana nimesahau. Baba Kulwa, unyevu wa ziwa unapinda kadi, hasa zile za kung'aa, zinajikunja kama jani la mgomba lililokauka. Vile vipakiti vya punje vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, usivitupe, viweke kwenye boksi la kadi. Faili lisikae dirishani, jua linakula rangi. Na ile Hiace, angalia kadi zinazokaa kwenye kioo cha mbele. Iliyopigwa jua miezi mitatu usiichukue hata kwa nusu bei.

Baba Kulwa

Wabeja sana wote. Nitaenda na Kulwa mwenyewe, aone kila kitu. Nitaleta mrejesho.

Baba Kulwa (mrejesho)

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi.

Tulifika Kirumba mapema, kabla watu hawajajaa. Nikamwambia kijana nataka kuikagua ile kadi. Hakusita. Alitoa kasha kwenye kabati, akalifuta kwa kitambaa, akampa Kulwa alishike. Niliandika namba ya cheti kwenye simu. Ikasoma: Messi, Prizm, 2022, alama 10. Nikiri, hapo moyo wangu ulishatulia na nilikuwa nimeanza kufungua programu ya kutuma pesa.

Kulwa akasema, "Baba, shuka chini, yule mjomba wa Pasiansi alisema kuna picha."

Picha ilikuwepo. Alichukua simu akaiweka kando ya kasha, akainama akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema hii si yenyewe. Mimi nilikuwa sioni kitu. Akanionyesha kwa ncha ya kucha: kwenye picha ya tovuti Messi ameegemea kushoto kidogo sana, pambizo la kulia ni pana. Kwenye kadi ya mkononi pambizo ziko sawa pande zote. Na kwenye lebo, namba ilikuwa imekaa chini zaidi. Ukishaonyeshwa, huwezi tena kutoiona.

Nilimtazama kijana usoni kama Mfuata Minada alivyosema. Rangi ilimbadilika. Alichukua simu yake, akaandika namba mwenyewe, akalinganisha mara mbili. Akakaa kwenye ngazi ya gari. Alisema aliichukua kwa mtu Dar kwa 250,000, hana risiti, na namba ilisoma vizuri hivyo hakushuka chini. Watoto walikuwa wanauliza bei za pakiti na hakuwajibu. Alifungia lile kasha kwenye droo. Namwamini, ingawa najua kuna watakaoniambia nimedanganywa.

Nilimwonyesha na ile pakiti ya nne, nilikuwa nimeitunza. Aliishika, akafungua boksi jipya mbele yetu, akamwambia Kulwa achague moja. Hakuchukua hela.

Kulwa hakulia, ila alikuwa mnyonge. Nilimwacha achague anachotaka kwenye kadi za moja moja. Alizunguka rafu zote, akachukua sita, Messi wa kawaida mmoja na Saka wawili wakiwemo, jumla 45,000. Risiti tuliandikiwa, namba ya simu tumepewa, na nimeipiga jioni ikapokelewa. Bukoba ameahirisha, anataka kwanza kwenda Dar kumtafuta aliyemuuzia.

Ngosha, 115,000 imerudi kwenye kopo. Mama Nyakato, Kulwa ananisimamia hapa nyuma ninapoandika. Anauliza kama binti yako hukusanya na kadi pia, kwa sababu Saka mmoja kamnunua kwa ajili ya kubadilishana, na anamtafuta Salah.